Sitini na Sita Nukta Sita Saba

Siku ile watu wa utafiti walipokuja Mbingu kurudisha majibu, Theodosia alisimama nyuma kabisa, karibu na dirisha la ofisi ya kijiji, kwa sababu mabenchi yalikuwa yamejaa na yeye si mtu wa kugombania benchi. Ilikuwa Agosti, mwaka tisini na saba. Mpunga ulishavunwa, watu walisharudi kutoka bondeni, na kila mwenye masikio alitaka kusikia wasomi wa Ifakara wamegundua nini. Maana ndivyo walivyo wasomi, jamani: wanakuja kukuuliza una kuku wangapi, wanaondoka, halafu wanarudi na gari kukuambia una kuku wangapi.

Aliyesoma majibu alikuwa binti mwembamba aitwaye Brigitha, mzaliwa wa upande wa Mahenge, aliyepata elimu yake Dar es Salaam. Alibandika karatasi ya manila ukutani akaanza kushuka nayo mstari kwa mstari. Vyoo. Vyandarua. Watoto wanaokwenda shule. Theodosia alikuwa anapiga miayo kwa siri nyuma ya khanga. Kisha yule binti akafika kwenye mstari wa wanaume waliokwenda machimbo ya vito Tunduru, akasoma kwamba katika kitongoji hiki, asilimia sitini na sita nukta sita saba ya wake waliohojiwa walisema waume zao wamesharudi.

Usingizi ukamruka Theodosia. Aliirudia ile namba kimoyomoyo mara nyingi asije akaipoteza kabla ya kufika nyumbani.

Mume wake Fulgensi alikwenda Tunduru mwaka tisini na nne, mara tu baada ya mavuno. Wakati ule habari ya Tunduru ilikuwa midomoni mwa kila mtu: ati mtu anachimba asubuhi, jioni anarudi na baiskeli mpya. Fulgensi hakuwa na tamaa ya makuu. Alitaka bati tu, aondokane na kuezeka nyasi kila mwaka. Alipanda treni hapo hapo Mbingu kuelekea Makambako, ili ashike basi la Songea, akamwambia mkewe atakuwa amerudi kabla ya mvua za kupandia. Mvua zikaja. Msafiri mmoja akaleta salamu zake na khanga moja. Baada ya hapo kimya, mpaka zikafika habari kwamba shimo moja huko limewaangukia watu, na kwamba waliomo ni wa pande za Ulanga na Kilombero, lakini majina hakuna ayajuaye.

Nyie mliowahi kungoja mtu mnajua. Theodosia alikuwa bado analala upande wa ukutani, upande wa nje anauacha mtupu, na asubuhi anajikasirikia. Lakini hamu ilimzidi zaidi bondeni, msimu wa ndege. Zamani walikuwa wanahamia wote wawili kwenye dungu lao, kile kibanda cha miti juu ya nguzo, kulinda mpunga unapotoa masuke. Fulgensi alikuwa hafukuzi kwelea kwa debe kama watu wengine. Aliwatukana. Aliwaita walevi wa Mlimba, akawauliza nani amewakopesha, akawaambia mama zao wanawatafuta, na watu wa mashamba ya jirani walicheka mpaka wakasahau ndege wao wenyewe. Sasa Theodosia alikuwa anapiga debe. Mikono ilimuuma, na pale juu hapakuwa na wa kumchekesha. Alimtaka mume wake, basi. Hata kama angerudi bila bati, bila viatu, na uongo mwingi wa kueleza.

Na hakuweza kulia. Hilo ndilo lililokuwa gumu kuliko yote. Kwao, ukimlilia mtu aliye hai unamchuria. Machozi yako yanamtangulia njiani na kumfungulia kaburi. Kwa hiyo nyumba nzima ilikaa miaka mitatu na macho makavu, yeye na mama mkwe wake Apolonia. Wanawake wawili chini ya paa moja, kila mmoja anamchunga mwenzake asije akateleza akalia.

Mzee Hermenegildi, baba mdogo wa Fulgensi na mkubwa wa ukoo tangu kaka yake afariki, ndiye aliyesema sasa inatosha. Msimfikirie vibaya. Hakuwa anatafuta shamba la mtu. Alisema mtu ama yupo ama hayupo, na kwamba Fulgensi amekuwa kama mgeni asiyeketi wala kuaga. Mavuno yakiisha, wataweka matanga bila mwili. Mama yake apumzike, na Theodosia, ambaye bado kijana na hakujaliwa mtoto na Fulgensi, awe huru kuolewa. Hata padri walishamwendea. Padri akasema yeye ataomba tu, Mungu mwenyewe anajua anayeombewa yuko upande gani.

Theodosia alikuwa hana la kumjibu. Aseme nini? Kwamba anaota? Kila mtu anaota. Sasa siku ile ya Agosti akatoka ofisi ya kijiji akiwa na jibu, na kikao cha ukoo kilikuwa Jumapili ya pili yake.

Alisimama katikati ya wazee, akasalimia shikamoo kwa kila mmoja, akaitoa namba yake. Sitini na sita nukta sita saba. Aliwaambia hiyo si hadithi ya kilabuni, imepimwa na watu wa Ifakara kwa kompyuta. Angekuwa mtu anabahatisha angesema sitini, au sabini, yakaisha. Lakini nukta! Mtu anayefika mpaka kwenye nukta amepima kweli. Kila mkulima wa Mbingu alijua tofauti ya mlanguzi anayepima mpunga wako kwa debe lililofura na mnunuzi anayekuja na mizani. Mwenye mizani ndiye anayetaja nukta.

Hapo akawa amempata Hermenegildi mahali pake. Mzee huyu ujana wake ulikwisha kwenye mashamba ya miwa huko Kidatu, akifanya kazi kwenye mizani ya magari, na mpaka leo aliiheshimu nukta kuliko wazee wengine wanavyoiheshimu tumbaku. Akauliza tena ile namba, akairudia taratibu. Kisha akasema kama ndivyo hivyo, basi waliorudi ni wengi kuliko wasiorudi, na haitakuwa vizuri kumzika mtu ambaye huenda yuko Makambako anangoja treni. Matanga yakasogezwa mpaka baada ya Noeli.

Loo, nyumba ile ilibadilika. Apolonia, ambaye shule hakuipata hata ya kupita nje, aliikariri namba ile kama anavyokariri mafumbo ya rozari. Akipakua chakula anaitaja. Akimwona Theodosia ameduwaa na kikombe mkononi anaitaja. "Sitini na sita nukta sita saba, mwanangu. Kula." Na Theodosia akawa anakula. Mwili ukarudi, majirani wakaanza kumtania kwamba ameokota nini bondeni. Alilianika godoro juani, akakandika upya ukuta wa nyuma uliokuwa umeliwa na mvua, akanunua wembe mpya akauweka darini, maana Fulgensi akisafiri huwa hanyoi ndevu. Mtu ukimpa matumaini ya jumla jumla atayakalia. Ukimpa yenye nukta, anaanza kukandika nyumba.

Brigitha alirudi mwezi wa Novemba. Safari hii alikuja kwa baiskeli, bila gari, bila wenzake, sketi imejaa vumbi mpaka magotini. Alipiga hodi kwa Theodosia, akamwamkia, akakaribishwa kigoda na maji. Apolonia alikuwa ameenda kanisani kufagia. Brigitha alinywa maji yote, akatoa karatasi zake, akasema anaomba kumuuliza maswali machache, kwa sababu mwezi wa nne hawakumkuta.

Theodosia akacheka kidogo. Akamwambia mwezi wa nne nani angemkuta? Alikuwa bondeni na kwelea.

Brigitha hakucheka. Alisema hilo ndilo lililomleta. Akaanza kueleza, na alieleza bila kujitetea, macho akiyaelekeza kwenye kikombe. Walipopita kitongoji hiki mwezi wa nne, nyumba nyingi zilikuwa zimeegeshwa fimbo mlangoni. Waliandika kwamba mwenyewe hayupo, wakaenda nyumba ya pili. Hakujiuliza wenyewe wako wapi. Alikuja kugundua wiki chache zilizopita, alipokuwa anapitia kazi yake upya kabla ya kuiandikia ripoti kubwa. Nyumba ambayo mume amerudi, mume ndiye aliyekuwa analala dunguni, na mke yupo nyumbani anapika na kupeleka chakula. Huyo ndiye waliyemkuta na kumuuliza. Nyumba ambayo mume hajarudi, mke ndiye aliyekuwa dunguni, na mlango una fimbo.

Theodosia aliwaza wenzake wa madungu ya jirani, wale waliokuwa wanapiga madebe pamoja naye mwezi ule wote. Jirani yake Serafina ndiye aliyekuwa nyumbani, kweli, na mume wa Serafina alisharudi.

"Mliwauliza wangapi?" akasema.

"Tisa," Brigitha akajibu. "Katika kitongoji chote niliwapata tisa tu wa swali lile. Sita waume zao wamerudi. Nilipaswa kuwaambia hivyohivyo, sita kati ya tisa, kila mtu angeona ni watu wachache kiasi gani. Kompyuta ikanipa nukta, nikaona inapendeza, nikaisoma."

Watu tisa! Theodosia alikuwa ameushinda ukoo mzima kikaoni kwa watu tisa, ambao wangeenea kwenye mabenchi mawili ya ofisi ya kijiji. Alitaka kumfukuza yule binti. Alitaka pia ampe maji mengine, kwa sababu alikuwa amechoka na midomo yake imekauka, na kwa sababu hakuna aliyemlazimisha kupanda baiskeli kuja kujisema. Akampa maji.

Brigitha akashika kalamu akamuuliza, kwa sauti ya kazi, kama mume wake aliyekwenda Tunduru amerudi, hajarudi, au amefariki.

Ni swali dogo. Lakini miaka yote ile, watu walipomuuliza Theodosia habari za mume wake, alijibu yuko safarini, au hajambo kwa uwezo wa Mungu, au alikuwa anageuza maneno. Sasa ilimbidi achague moja kati ya matatu, na alijua kabisa kwamba akilitaja linakwenda kupunguza ile namba aliyokuwa anailia ugali.

"Hajarudi," akasema. Halafu akaongeza, "Na usiandike la tatu. Andika hilo tu."

Brigitha akaandika hilo tu. Theodosia akamuuliza namba mpya ni ipi. Binti akasitasita, akasema kazi bado haijaisha, ila ameshawafikia wanawake arobaini na kitu katika vijiji vitatu, na safari hii anawafuata mpaka anawapata.

"Waliorudi ni kama watatu katika kumi, dada. Pengine wanne. Siwezi kukuwekea nukta, maana sijui kiasi hicho. Na wengi wao walirudi mwaka uleule wa kwanza."

"Na wa mwaka wa tatu?"

"Wachache sana."

"Fulgensi wangu yumo katika hao?"

Brigitha akatikisa kichwa. "Hakuna namba inayojua hilo. Hata ile ya kwanza haikuwa inajua. Namba inawajua watu wengi kwa pamoja, mtu mmoja haimjui."

"Basi ungeniachia ile ya kwanza," Theodosia akasema, na safari hii hasira ilitoka wazi. "Ilikuuma nini? Ningekaa nayo mpaka Noeli. Umepanda baiskeli jua lote hili kuja kuninyang'anya."

Brigitha alisema aliliwaza hilo tangu Ifakara. Mara mbili alisimama njiani ageuze. Aliondoka jua likiwa bado kali, na Theodosia akabaki ukumbini na kikombe kitupu.

Siku zilizofuata alilibeba neno lile peke yake. Alijua njia iliyo rahisi: anyamaze. Nani wa ukoo atakwenda Ifakara kuuliza? Hermenegildi alikuwa ameshaanza kuwasimulia hata watu wa Mang'ula ile nukta. Noeli ikifika atasema wangoje hadi Pasaka, na nukta itamsaidia tena. Lakini kila Apolonia alipoitaja ile namba juu ya sahani, chakula kilimgeuka mdomoni. Kumdanganya mzee wa ukoo, sawa, wazee wamezoea kudanganywa. Kumwacha mama yake Fulgensi anamngoja mwanawe kwa namba ambayo yeye anajua imeoza, hilo lilimshinda.

Ikawa mchana mmoja, wawili hao wako uani. Apolonia anapeta mchele kwenye ungo, Theodosia anachochea moto. Mama mkwe akamwona mkwewe amepungua tena, akaanza kama kawaida yake: sitini na sita.

"Mama, acha," Theodosia akasema. "Ile namba si ya kweli. Walikuwa watu tisa. Sisi tuliokuwa dunguni hatukuulizwa." Akamweleza yote, tangu fimbo za milangoni mpaka watatu katika kumi. Alisema mpaka ile ya mwaka wa tatu, hakuficha kitu, na alipomaliza alimtazama yule mama akingoja aanguke.

Apolonia aliendelea kupeta. Pumba zikaruka, kuku wakakimbilia.

"Mimi asilimia sijui hata ni mnyama gani," akasema. "Niliishika ile namba kwa sababu ulikuwa unakula ukiisikia."

Theodosia akaacha moto. Akasema kwamba na yeye aliipeleka kikaoni kwa ajili yake, mama, asije akazikiwa mtoto mbele ya macho yake. Ilikuwa kweli nusu. Nusu nyingine ilikuwa yake mwenyewe, na Apolonia aliijua nusu hiyo vizuri kuliko mtu yeyote.

Mama yule akauweka ungo chini. Mikono yake ilibaki magotini, mitupu, kama imesahau kazi.

"Mwanangu nilimzaa mimi," akasema. "Miaka mitatu naogopa kumlilia nisimchurie. Nikisikia donge linapanda nalimeza, nikienda kufagia kanisa nalimeza. Nimechoka kumeza. Namtaka mwanangu, Theodosia. Na kama simpati, nataka kumlilia."

"Na akirudi, mama?"

"Akirudi atakuta tumemlilia. Sijaona mtu aliyekasirika kwa kuliliwa."

Theodosia alijikuta amekaa chini, kwenye pumba, kichwa chake mapajani mwa mama mkwe wake. Hawakumngoja Hermenegildi, wala padri, wala Noeli. Apolonia ndiye aliyeanza, kwa Kindamba, kwa maneno ambayo mama humwitia mtoto mdogo aliyekwenda mbali na nyumba, na Theodosia akamfuata. Alilia yale ya bondeni na yale ya upande mtupu wa kitanda. Alilia kwa sauti ambayo hakujua anayo. Hamu yote ya miaka mitatu ikatoka, na bado ikawepo.

Kilio hakina mlango. Majirani wakaja mbio, Serafina mbele, khanga zimefungwa viunoni. Walidhani hiyo ni habari imefika kutoka Tunduru. Wakawainua wale wawili, wakawashika mabega, wakauliza nani ameleta taarifa, amekufa lini, amezikwa wapi.

Theodosia alifuta uso kwa upindo wa khanga. Angeweza kusema lolote pale, na wangeliamini.

"Sijui kama amekufa," akawaambia. "Hayupo. Hilo ndilo ninalolijua."

Serafina akamtazama, akakaa chini karibu naye, akaanza kulia pamoja nao.